Njia Kati ya Uhindini na Uchina

Mwanangu Petro,

Nakuandikia wakati wewe umekwenda Ihanja kumuaga mjomba wako. Jua bado liko juu, uwele nimeuanika uani na kuku hawanipi nafasi, kwa hiyo ukiona mistari imepinda ujue niliinuka kuwafukuza. Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wako, uisome ukiwa umekwisha kufika mbali. Kesho lori litawachukua bomani kuwapeleka Itigi, kutoka Itigi ni gari moshi, na baada ya hapo sijui tena. Habari za blanketi, za dawa ya homa na za kusali nimekwisha kuzisema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Hayo tuyaache.

Nina jambo moja tu. Nataka urudi.

Ulipojiandikisha katika Keya, jeshi la Waingereza, hukuniuliza. Ulikuja nyumbani unachekacheka, ukasimama mlangoni pa jiko, ukasema, "Mama, askari wa Keya wanapelekwa Uhindini, na kutoka Uhindini wanapelekwa Bama, na Bama imepakana na Uchina. Nitaiona ile njia ya baba." Nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga mpaka ukaungua chini, na wewe ukadhani nimekasirika. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Njia hiyo unayokwenda kuiona nilikupa mimi.

Nilikupa ungali mdogo, ulipokuwa ukirudi kutoka shule ya misheni unalia kwamba wenzako wamekuita Mchina na wamejivuta macho mbele yako. Nikakuambia kwamba baba yako ametoka mbali, kwa watu wenye hekima, na kwamba kati ya Uhindini na Uchina kuna njia pana yenye visima na nyumba za kulala wageni, na kwamba mzee mmoja wa kale alipita humo amepanda nyati, amebeba mafundisho. Ukanyamaza. Basi kila ulipolia nikairefusha ile njia. Nikaiwekea madaraja, nikaiwekea watu wa kumkaribisha yule mzee kwa uji. Nilikuwa hodari sana wa kujenga, na baba yako angenicheka. Sikufikiri kwamba iko siku mtu atakuja na kofia ya serikali kutafuta vijana, na wewe utamwona amekuja kukuonyesha mahali inapoanzia.

Kwa hiyo leo nakupa habari kama ilivyokuwa, bila madaraja.

Baba yako alikuja nchi hii zamani za Wadachi, kufanya useremala kwenye reli. Vita ile ya kwanza ilipokwisha na Waingereza wakashika nchi, Wachina wenzake walikuwa wamekufa au wamekwisha kurudi kwao. Yeye alipanda huku kutoka Manyoni na sanduku lake la randa na misumeno, akafika Singida mjini, akaanza kutengeneza milango ya maduka. Jina lake watu hawakuliweza, wakamwita Fundi Chani. Mimi nilikuwa msichana wa Issuna, nikileta samli mjini, na siku moja nilimcheka kwa sababu nilimkuta anazungumza na ubao. Akaweka randa chini, akaniuliza nacheka nini. Huo ndio uchumba wetu wote. Babu yako alimkataa kwa muda mrefu, kisha akamkubali baada ya kutengenezewa mlango wa mbao wenye komeo, na alipokuwa na wageni aliufunga na kuufungua bila sababu yoyote.

Mlango wa kwanza aliotengeneza mjini ulikuwa wa Bwana Mohanlal, Mhindi aliyenunua samli yetu. Bila shaka unamkumbuka, yule wa miwani, aliyekuwa akikupa sukari guru na kukuonya usimwambie mkewe. Kila alasiri, samli ikisha kuchujwa na kutiwa madebeni, alitoa kiti barazani na baba yako akaenda kukaa naye. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili. Cha baba yako kilikuwa cha kambi ya reli, cha Mohanlal kilikuwa cha dukani, na kwa hicho walitaka kuzungumza mambo ambayo hata padre hushindwa nayo. Mimi nilikaa ngazini na vibuyu vyangu, nikawa mkalimani kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

Ilianza siku moja Mohanlal alipokuwa akieleza dini ya Kihindu aliyofundishwa na mjomba wake aliyemlea. Alisema kwao asili ya vitu vyote haina jina. Ukisema ni hiki, unaambiwa siyo. Ukisema ni kile, unaambiwa siyo. Mpaka midomo ichoke. Baba yako akaweka kikombe chini. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa hekalu kijijini kwao, wa dini waiitayo Tao, maana yake njia, na alikuwa akifundisha jambo lile lile, kwamba mwenye kudhani ameipatia jina amekwisha kupotea.

"Wewe napata wapi hii?" Mohanlal akauliza. "Hii iko maneno ya kwetu."

"Ya kwenu namna gani? Baba yangu hajaona Mhindi hata mmoja."

"Baba yako hapana. Babu ya babu ya babu yake! Zamani sana watawa ya kwetu nakwenda Uchina, napita milima, nabeba mafundisho. Hii habari watu yote najua."

"Watawa walikuja, kweli," baba yako akasema. "Lakini wakakuta sisi iko nayo tayari." Kisha akamweleza habari ya yule mzee wa kale, mwalimu wa Tao, aliyechoshwa na watawala wabaya, akapanda nyati wake, akatoka kwenye lango la magharibi, na hakuonekana tena. "Sasa niambie, Bwana Mohanlal. Magharibi ya Uchina iko nani? Si iko ninyi?"

Mohanlal alicheka mpaka akavua miwani. "Basi mwalimu yetu sote iko Mchina juu ya nyati!"

Kuanzia siku hiyo nilikosa raha. Wakakuta kwamba pumzi ina mafundisho yake kwa Wahindu na ina mafundisho yake kwa watu wa Tao, na kwamba wote wawili walikalishwa chini utotoni waifuate inavyoingia na inavyotoka. Wakakuta kwamba mjomba wa Mohanlal alimwambia afanye kazi yake asing'ang'anie atakachopata, na baba wa baba yako alimwambia mtu asilazimishe mambo. Baba yako akaongeza kwamba hata mbao hazitaki kulazimishwa. Nikamuuliza je, ule mlango wa misheni aliokuwa amepokea malipo yake tangu masika, nao alikuwa hataki kuulazimisha? Mohanlal akapiga magoti yake kwa furaha, na baba yako hakuniongelesha mpaka tulipofika nyumbani.

Siku moja nikawaambia, "Lakini kwa nini lazima mmoja amfundishe mwenzake? Sisi Wanyaturu tunakamua ng'ombe, Wagogo wanakamua ng'ombe, na sijasikia nani alimshikia nani kibuyu. Labda kila mtu alikaa kwao akafikiri peke yake." Mohanlal akatazama barabarani. Baba yako akasema polepole, "Inawezekana, Mama Petro. Lakini kama ni hivyo, mimi na huyu tunabaki watu wawili wa mbali tu."

Sikuelewa. Nilidhani wanashindana nani ametangulia, kama wanaume wanavyoshindana kwa kila kitu. Sasa nikikaa peke yangu naelewa kwamba walikuwa wanatafuta undugu. Huku Singida hawakuwa na mtu wa kwao wa kuwatembelea, wala wa kuwaita kwa jina la utotoni, na kama lile neno lilisafiri kweli kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, basi walikuwa wamekutana tayari kabla ya kukutana Singida. Laiti ningelijua, nisingewatania vile.

Ukafika mwaka wa ukame, na hapa ndipo penye uongo wangu. Unajua visima vya mchangani vya Issuna. Mto ukikauka kila ukoo unachimba chake, unakizungushia miiba, na mwanamke akiteka anaacha maji kidogo chini, kwa sababu kisima kikikaushwa mchanga unaporomoka na kazi yote inarudi mwanzo. Mbele ya baraza la Mohanlal mimi mwenyewe nilisema, kwa kuchoka na maneno yao, kwamba visima vya kwetu na vya jirani zetu kila kimoja kinaitwa kwa jina la mwenyewe, na watu wanagombana nani anamwibia nani maji, na huenda chini ni maji mamoja, na huenda siyo. Nilitaka wanyamaze. Badala yake wakatazamana, nikaona nimeharibu.

Jumapili wakaenda Issuna na ndoo. Shauri lilikuwa la Mohanlal: wakikausha kisima cha ukoo wetu na kile cha jirani kikapungua, basi maji ni mamoja, na kama maji yanaweza kupita chini ya mchanga bila mtu kuyaona, mafundisho nayo yanaweza kuwa yalipita. Baba yako akaingia shimoni. Mohanlal akafunga shuka lake juu ya magoti, akawa anapokea ndoo na kumwaga. Wakamwaga maji, Petro, mwaka wa ukame, mchana, mbele za watu! Mchanga ukaporomoka, baba yako akafunikwa mpaka kifuani, na wanawake wa koo zote mbili wakaja mbio, shangazi yangu Veronika akiwa mbele.

"Unatafuta nini humo, mume wa mtoto wetu?" shangazi akauliza.

"Shikamoo, shangazi. Tunatafuta kama Uhindini na Uchina iko maji moja."

"Marahaba. Na sisi usiku tutapikia hayo ya Uhindini?"

Walipewa majembe. Walichimba mpaka jioni, wakakata miiba mipya, na shangazi alikaa ukingoni akiwaonyesha kwa fimbo pale walipokosea. Mohanlal alirudi mjini na malengelenge mikononi, akaniambia hajapata kuchapa kazi namna ile tangu azaliwe, na nikaona uso wake una furaha.

Wewe nilikuambia kwamba kisima cha pili kilipungua. Ulipenda sana mahali hapo, ukawa unaniuliza, "Kilipungua mpaka wapi, Mama?" na mimi nakuonyesha kwa mkono. Mwanangu, hakuna aliyetazama. Katika ghasia ile watu walikanyaga kote, na alipokumbuka mtu kuangalia, kisima cha pili nacho kilikuwa kimebomoka kwa miguu yetu. Kama maji yalikuwa mamoja au mbalimbali, hatukujua siku ile na hatujui mpaka leo. Hiyo njia yako imesimama juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Sasa nikuambie habari ambayo sikukuambia kamwe. Baba yako alipougua mapafu, ule wakati wa upepo wa baridi, nilikupeleka kwa babu yako ili usione. Homa ilipopanda ilimwondolea Kiswahili. Kwanza kikaondoka Kiswahili, kisha na kile Kinyaturu chake cha kunibembeleza, akabaki na lugha yake peke yake. Alikuwa ananiambia jambo, ananiangalia machoni, analirudia. Nilimletea maji, akageuza uso. Nilimletea blanketi, akalisukuma. Nilileta msalaba, nikaleta randa yake. Tuliishi miaka yote ile chini ya paa moja, na sikujifunza hata neno moja la kwao. Yeye alijifunza ya kwetu mpaka utani wa shangazi zangu, na mimi niliona ndivyo inavyopasa, kwa kuwa yeye ndiye mgeni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikilikumbuka nikiwa natwanga inabidi niache mchi nikae chini.

Nikamwita Mohanlal. Alifunga duka mchana, jambo ambalo hakulifanya hata kwa harusi ya binti yake, akaja akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Baba yako alikuwa anahangaika, pumzi fupi fupi, macho yanazunguka. Kisha nadhani alikata shauri. Akafumba macho akaanza kuivuta pumzi taratibu, anaishika, anaiachia ndefu, anaivuta tena. Ilimuuma, niliona, lakini hakuacha. Mohanlal alikuwa anafuta miwani. Mkono wake ukasimama.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hii mjomba yangu nafundisha mimi. Hivi hivi. Kushika, kuachia, yote hivi hivi."

Nilijua atasema: unaona, ilitoka kwetu. Hakusema. Akamshika baba yako mkono, akaanza kupumua pamoja naye. Akivuta anavuta, akiachia anaachia. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, ili asiharibu. Walikaa hivyo mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda, sina la kufanya, na ndipo nikasikia kwamba pumzi inayovuma chumbani ni ya Mohanlal peke yake.

Baada ya mazishi hakuweza kukaa barazani. Alitoa kiti, akakirudisha ndani. Hakumaliza mwaka, akamwachia duka mpwa wake akarudi kwao. Siku ya kuondoka nilimuuliza, "Shemeji, sasa niambie. Ilitoka kwenu ikaenda kwao, au ilitoka kwao ikaja kwenu?" Akasema, "Mimi hapana jua, shemeji. Mimi nataka tu iwe kweli." Kisha akakuomba wewe umsaidie kubeba mzigo mpaka kwenye lori, na ulipewa sukari guru kwa mara ya mwisho.

Hiyo ndiyo habari yote. Hakuna njia niliyoijua mimi wala aliyoijua baba yako. Kulikuwa na watu wawili waliotamani iwepo. Huenda ipo. Huenda watawa walipita huko Bama unakokwenda, na yule mzee na nyati wake, na wachuuzi wa chumvi kama wetu. Lakini sasa hivi huko kuna bunduki, na bunduki haiulizi mtu amekuja kutafuta nini.

Na kuna jambo nililoliona wiki iliyopita, nikalinyamazia. Bomani wamebandika ukutani picha ya adui mnayekwenda kupigana naye. Nilisimama mbele yake na kikapu changu kichwani mpaka karani akaniuliza kama nimepotea. Petro, yule Mjapani wamemchora na macho yako. Tayari vijana mlioandikishwa pamoja wanakuita Mjapani, nanyi mnacheka. Hapa Singida ni utani. Je, huko msituni, mvua ikinyesha, mtu ameshika bunduki na anaogopa, na wewe unatokea kwenye majani? Nimejaribu kuliondoa wazo hili kichwani, haliondoki. Uso niliokuwa nikiufurahia tangu ulipozaliwa, kwa sababu ni wa baba yako, sasa nautazama ukiwa umelala na natamani ungefanana na mimi.

Yale maneno aliyokuwa akiyarudia baba yako bado ninayo. Nimeyashika kwa sauti tu, bila maana, na huyasema jikoni nikiwa peke yangu nisije nikayasahau. Herufi nilizofundishwa misheni haziyatoshi. Nilikuwa nimepanga kwamba kesho, pale lori linapongoja, nitakuinamisha nikuambie sikioni, uende nayo huko, na ukikutana na Mchina yeyote umuulize mume wangu alitaka nini. Nimeyangoja miaka mingi mno. Nimeomba sana niyajue kabla sijafa.

Asubuhi ya leo nimekutazama ukipiga viatu vyako vya jeshi rangi, nimebadili shauri. Nakujua. Nikikupa utatoka kwenye mstari wa wenzako na uso huo, kumfuata mtu usiyemjua kwenye nchi ya vita, kwa ajili ya kuniletea neno. Kwa hiyo sikupi. Kesho nitakushika mkono, nitakuambia nenda salama, na utakaponiona midomo inatikisika usiniulize. Usimtafute mtu yeyote huko kwa ajili yangu wala kwa ajili ya baba yako. Kaa katikati ya wenzako, wakujue kwa sauti, wakujue kwa mwendo, wakujue hata gizani.

Kama alikuwa ananiomba kitu, nimekwisha kumnyima. Kama alikuwa ananiaga, basi ameniaga. Bila kujua maana yake nimeishi, na naweza kuendelea hivyo mpaka kaburini. Bila wewe siwezi.

Mama yako,
Anastazia